Kutoka Porini Hadi Lami: Mwongozo wa Kuijenga Upya Suzuki Sierra Iwe Gari la Kasi

Suzuki Sierra ya zamani, ile fupi yenye kona kali ambayo wengine wanaiita Samurai, iliundwa ipande mawe na kuvuka matope. Lakini ukiivua vitu vya porini unabaki na gari dogo, jepesi, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, na lenye fremu ngumu unayoweza kuikata na kuiunga upendavyo. Hiyo ni mali adimu kwa mtu anayetaka kujenga gari la kasi kwa mikono yake.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kushika spana na aliye na fundi wa kuchomelea anayemwamini. Msimamo wangu ni mmoja, na utauona katika kila hatua: injini huja mwisho. Kwanza punguza uzito, kisha shusha gari na panua nyayo zake, kisha shughulikia breki na usukani, kisha fremu. Ukimaliza hayo ndipo utafute nguvu. Wengi hufanya kinyume: hununua injini kwanza, fedha ikaishia hapo, wakabaki na gari linalokimbia bila uwezo wa kupinda wala kusimama. Gari la namna hiyo ni hatari kwa aliyemo na kwa anayevuka barabara.

Kwa nini gari la porini

Wazo la kuvua gari ili likimbie si geni. Vijana wa California katika miaka ya 1930 walichukua Ford kuukuu, wakazivua madigadi, boneti na paa, wakazikimbiza kwenye ziwa kavu la Muroc. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana kuunda SCTA, chama kinachosimamia mashindano ya aina hiyo hadi leo. Ford ya mwaka 1932, iliyotoka na injini ya V8, ikawa kipenzi chao. Waliweza kuyafanya yote hayo kwa sababu bodi ya Ford ile na fremu yake vilikuwa vitu viwili tofauti vilivyofungwa kwa bolti. Ungeweza kuing'oa bodi nzima na bado ukabaki na gari lenye magurudumu, usukani na injini.

Saluni ya leo haikupi nafasi hiyo, kwa sababu bodi ndiyo fremu; ukikata paa umekata uti wa mgongo. Magari mengi ya porini ya zamani yamebaki na muundo ule wa Ford. Miongoni mwake, Suzuki za jamii ya SJ, yaani hizi Sierra, ndizo nyepesi zaidi kupatikana kwa urahisi kwetu: gari zima lina uzito wa kama kilo 900, wakati Land Cruiser ya zama hizo inapita kilo 1,600 bila taabu.

Kuchagua gari la kuanzia

SJ410 ilitoka mwaka 1981 ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 970, na SJ413 ikafuata mwaka 1984 na injini ya 1,324 yenye nguvu-farasi takriban 63. Chukua SJ413 ukiweza. Ina giaboksi ya gia tano, ekseli pana zaidi na breki za diski mbele. SJ410 za mwanzo zilikuwa na breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Maruti Gypsy ya India ni ndugu yake wa damu, ila urefu kati ya ekseli zake ni milimita 2,375 badala ya 2,030. Urefu huo huifanya itulie zaidi kwenye mwendo wa kasi, kwa hiyo ukiipata yenye fremu nzuri usiipite.

Usihangaike na rangi, viti wala injini ya gari unalonunua, maana vitaondoka. Kagua fremu. Lala chini ya gari na nyundo ndogo, gonga kila mahali, hasa karibu na vishikio vya springi na pale bodi inapokaa juu ya fremu. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa mlio mfu. Gari lililoishi Tanga, Mombasa au Unguja limekula chumvi kwa miaka mingi, na kutu ya ndani ya fremu haionekani kwa macho. Kisha linganisha namba ya fremu na kadi ya gari kabla hujatoa senti.

Mizani kwanza

Kabla ya kufungua bolti ya kwanza, lipime gari. Mizani ya vituo vya magari ya mizigo inatosha: pima gari zima, kisha ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma. Andika kwenye daftari. Baada ya hapo kila kitu unachokitoa kipime na ukiandike, hata kama ni kishikio cha tairi la akiba.

Hesabu ifuatayo ndiyo sababu ya usumbufu huo. SJ413 ya kiwandani ina kilo 900 na nguvu-farasi 63, yaani kila farasi mmoja anavuta kilo 14 na ushee. Ukilishusha gari hadi kilo 700 bila kugusa injini, kila farasi anavuta kilo 11. Ukiweka baadaye injini ya nguvu-farasi 95, anavuta kilo 7 na nusu. Kufika hapo kwa injini peke yake, na gari likiwa bado na kilo 900, ungehitaji nguvu-farasi zaidi ya 120. Tena wepesi unakulipa kila mahali: breki zinapata kazi ndogo, tairi zinashika vizuri kwenye kona, mafuta yanakaa. Nguvu ya injini inakulipa unapokanyaga mafuta tu.

Anza na vilivyo juu, kwa sababu kilo moja ya paa ina madhara zaidi kuliko kilo moja ya sakafu. Toa paa la bati, vioo vya madirisha ya pembeni, kiti cha nyuma na mlango wa nyuma pamoja na tairi lake. Bampa za chuma nazo zitoke. Viti vya mbele vibadilishwe kwa vyepesi vya ganda moja. Sakafu na ubao wa mbele vinaweza kutengenezwa kwa bamba la alumini, ila usiliache lishikane na chuma kitupu: weka rangi na mpira katikati, la sivyo unyevu utaila alumini pale viwili vinapogusana. Haba na haba hujaza kibaba. Daftari litakuonyesha kwamba bolti, vishikio na mabati madogo madogo pekee yanafika kilo nyingi.

Kuondoa mvuto wa mbele

Kwenye Suzuki hizi transfa, yaani boksi linalogawa nguvu ya injini kwa ekseli za mbele na za nyuma, imekaa peke yake nyuma ya giaboksi, na viwili hivyo vinaunganishwa na propela fupi. Kwa hiyo unaweza kuiondoa transfa, lever zake na propela ya mbele bila kuifungua giaboksi. Ndani ya ekseli ya mbele toa difu na shafti zake mbili, kisha ziba tundu la difu kwa bamba. Beringi za magurudumu ya mbele zimekaa juu ya spindo, hazitegemei shafti, kwa hiyo gurudumu linabaki salama. La muhimu ni kuziba njia ya vumbi na maji kila upande.

Kazi hii inabadilisha zaidi ya uzito. Transfa ya SJ413, hata kwenye gia ya kawaida ya barabarani, hupunguza mzunguko kwa 1.409. Difu inapunguza tena kwa 3.727. Zikizidishwa unapata 5.25, na ndiyo maana Sierra hulia sana kwenye barabara kuu. Ukitoa transfa unabaki na 3.727 tu. Chukua tairi za 205/70R15, ambazo kimo chake ni karibu milimita 668: injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika kwenye gia ya nne, gari linakwenda kama kilomita 96 kwa saa. Ondoa transfa, weka tairi fupi za 195/50R15 zenye kimo cha milimita 576, na kwa mzunguko uleule unakwenda kilomita 116. Gia ya kwanza itakuwa ndefu kuliko awali, ila gari jepesi litaondoka bila kulalamika.

Mambo matatu yanasahaulika hapa. Kwanza, kebo ya spidi huchukua mzunguko kutoka kwenye transfa, kwa hiyo andaa kipimo cha spidi cha GPS au kihisio kipya. Pili, baadhi ya SJ zina hendibreki iliyofungwa kwenye transfa. Kama yako ni ya aina hiyo, tafuta ekseli ya nyuma yenye hendibreki ndani ya ngoma kabla hujaitoa. Tatu, difu ya nyuma haiko katikati ya ekseli, na propela mpya itakuwa ndefu na ya kukaa mshazari. Ipeleke kwa fundi wa propela aipime pembe za krosi zote mbili na kuisawazisha kwa mashine. Propela ndefu isiyosawazishwa hutetemeka kwenye mwendo wa kasi, na ikikatika inapiga sakafu chini ya miguu yako. Funga pete ya chuma inayoizunguka karibu na krosi ya mbele, ili ikikatika isishuke kwenye lami.

Shusha, panua

Mwaka 1988 shirika la kutetea walaji la Marekani, Consumers Union, lilitangaza kwamba Samurai haifai kununuliwa kwa sababu ya kuelekea kupinduka katika jaribio la kukwepa kikwazo ghafla. Suzuki ilikana, ikashtaki mwaka 1996, na kesi ikamalizwa kwa maelewano mwaka 2004. Mengi yamebishaniwa kuhusu jaribio lile, lakini gari fupi, jembamba na lililoinuka linadai heshima yako, hasa unapotaka kuliongezea kasi.

Wahandisi wana hesabu rahisi: chukua upana kati ya tairi la kushoto na la kulia, gawa kwa kimo cha kitovu cha uzito mara mbili. Jibu likiwa kubwa, gari ni gumu kupinduka. Tuseme upana ni milimita 1,300 na kitovu cha uzito kiko milimita 600 juu ya lami: unapata 1.08. Panua kwa milimita 100 na ushushe kwa milimita 100: unapata 1.4, kiwango cha saluni ya kawaida. Hakuna injini itakayokupa usalama huo.

Tairi fupi peke yake linashusha gari kwa karibu milimita 46. Zilizobaki, kama milimita 50, zitoke kwenye springi. Kiwandani springi za bapa za SJ hupita chini ya ekseli, kwa hiyo usidanganywe na vifaa vya kuzihamishia juu. Hivyo ni vya kuinua gari. Mpelekee fundi springi azikunjue upinde wake na kupunguza jani moja au mawili, maana mzigo umepungua. Muoneshe uzito mpya wa kila ekseli kwenye daftari ili asikisie. Shokapu nazo ziwe fupi, na vizuizi vya mpira vikatwe ili ekseli isigonge chuma.

Usishushe kupita hapo. Nyumba ya difu ya nyuma inafuata tairi na sasa iko karibu zaidi na ardhi, na matuta yetu hayana kipimo kimoja.

Upana utafute kwenye rimu za inchi 15 kwa 7 zenye bolti tano kwenye duara la milimita 139.7; rimu za Suzuki Escudo na Vitara za kizazi cha kwanza zina mpangilio huohuo wa bolti. Usitupe gurudumu nje kupita kiasi, kwa kuwa kila sentimita unayoitoa nje inazidi kuzibinya beringi. Badilisha beringi zote kwa mpya ukiwa hapo.

Usukani na breki

Sierra nyingi zina ugonjwa wa usukani kutetemeka kwenye kilomita 60 au 70 kwa saa. Chanzo cha kawaida ni beringi za juu na chini za kipindio cha gurudumu, busha za springi zilizolika na vichwa vya tairodi. Badilisha vyote. Ukikunjua springi, ekseli inaweza kuzunguka kidogo na kuharibu mwinamo unaolifanya gurudumu lirudi katikati lenyewe. Pima mwinamo huo kabla na baada, na kama umebadilika tumia kabari za chuma kati ya springi na ekseli kuurudisha. Fito ya kutoka boksi la usukani hadi gurudumuni nayo ikae karibu na usawa wa ardhi, vinginevyo kila tuta litalivuta gari pembeni.

Kwenye breki, anza na mabomba. Ya zamani yatupwe yote, weka mapya, mipira mipya na mafuta ya DOT 4. Mbele weka diski mpya na pedi za ubora. Nyuma kuna valvu inayounganishwa na ekseli kwa fito: inapima mzigo na kuamua breki za nyuma zipate kiasi gani. Gari likishuka, valvu hiyo huhisi kwamba umebeba mzigo na kuzipa breki za nyuma nguvu nyingi kuliko inavyotakiwa. Irekebishe fito yake, au weka valvu ya kuzungushwa kwa mkono. Kanuni ni moja: ukikanyaga kwa nguvu, tairi za mbele zikwame kabla ya za nyuma. Zikikwama za nyuma kwanza, gari litazunguka.

Fremu na tao la kukukinga

Paa lilikuwa likilisaidia gari lisijipinde. Limeondoka, na kazi hiyo sasa ni yako. Weka fremu juu ya stendi tatu, inua kona ya nne kwa jeki, na upime kwa pimamaji kona imepanda kiasi gani kabla ya nyingine kufuata. Kisha ongeza viunganishi vyenye umbo la X pale transfa ilipokuwa, upime tena. Pembetatu ndiyo umbo linalokataa kupinda; mstatili mtupu hujikunja.

Tao la mabomba nyuma ya viti si pambo. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, kwa magari ya mashindano zinataka tao kuu liwe la bomba la chuma lisilo na mshono, la milimita 45 kwa unene wa 2.5 au milimita 50 kwa unene wa 2. Mguu wake ukae juu ya bamba lenye unene wa milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita za mraba 120, ukifungwa kwa bolti tatu za M8 za daraja la 8.8. Fuata vipimo hivyo hata kama hutashindana. Bomba la maji halifai, hata likiwa nene.

Kabla ya moto wowote, tangi la mafuta litoke nje ya karakana. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Chomoa betri, na kompyuta ya injini kama ipo. Tumia mashine ya MIG kwa mabati na mabomba, na mtake fundi wako achomelee vipande viwili vya majaribio kwanza, uvipige nyundo hadi vikunjike. Kama chuma kimepasuka kwenye mshono, huyo si fundi wa kazi hii.

Sasa injini

Chaguo la busara kwetu ni G16B, injini ya sentimita za ujazo 1,590 yenye valvu 16 iliyomo kwenye Escudo na Vitara nyingi za miaka ya 1990. Ina nguvu-farasi takriban 95, spea zake zimejaa Kirinyaga Road jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam, na inakaa kwenye giaboksi ya SJ413 bila kutengeneza nyumba mpya ya klachi. Kazi itakuwa kwenye vishikio vya injini, na kwenye nafasi kati ya sampu na ekseli ya mbele, hasa kwa kuwa umelishusha gari: injini ikiwa imefungwa, kandamiza springi hadi mwisho uone kama vinagusana.

Nunua injini ikiwa na waya zake zote, kompyuta, vihisio na pampu ya mafuta kutoka gari moja. Mfumo wa sindano za mafuta hutaka pampu ya shinikizo kubwa na bomba la kurudisha mafuta tangini; pampu ya kabureta haitoshi. Kabla ya kuifunga, badilisha mkanda wa taimingi, pampu ya maji, sili za kranki na klachi. Rejeta iwe mpya au iliyosafishwa hadi ndani, na feni ya umeme yenye kihisio chake.

Usifikirie turbo mwaka wa kwanza. Ekseli na giaboksi hizi zilitengenezwa kwa injini ndogo, na gari la kilo 700 lenye nguvu-farasi 95 litakutosha kwa muda mrefu kuliko unavyodhani.

Karatasi na majaribio

Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na aina ya bodi vilevile. Mamlaka husika Tanzania ni TRA, Kenya ni NTSA: nenda uulize utaratibu wa ukaguzi kabla ya kukata, ujue nini kitakubalika. Mwambie pia mtu wa bima, kwa maandishi, kwamba gari limebadilishwa. Bakiza madigadi, taa zote, honi, wipa na mikanda. Ukitaka kushindana, mathalani kwenye autokrosi chini ya KMSF, shirikisho la michezo ya magari nchini Kenya, pata kanuni za daraja lako kabla ya kununua bomba la kwanza.

Jaribio la kwanza lifanyike eneo lililofungwa, kwa ruhusa ya mwenyewe, ukiwa na kofia ngumu na mwenzako mwenye mtungi wa kuzimia moto. Nenda kilomita 30 kwa saa, simama. Gusa vitovu vya magurudumu: kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, breki yake imeshika au beringi imebanwa. Panda hadi 60, simama kwa nguvu, angalia ni tairi zipi zimekwama kwanza. Zunguka duara pana kwa mwendo unaoongezeka taratibu, kushoto kisha kulia, usikilize ni mbele au nyuma panapoteleza. Baada ya kilomita 100 za kwanza, kaza upya bolti za springi, za propela, za magurudumu na za tao. Rudia baada ya kilomita 500.

Kila safari iandikwe kwenye lile daftari la mizani: joto la injini, upepo wa tairi, kilichokazwa, kilicholegea. Ikipita miezi kadhaa hakuna bolti iliyolegea, breki zinasimamisha gari kwa mstari ulionyooka kila mara, na wewe mwenyewe unalifikisha mwisho wa uwezo wake kwenye kona bila kushtuka, hapo gari limestahili nguvu zaidi. Kabla ya hapo, kila shilingi uliyo nayo ipeleke kwenye tairi na breki.